Mkaa wa Kuingia Chumani

Jumatatu, 4 Novemba
Mpwa wangu Happyness amerudi Mpui kutoka chuo kikuu. Anasoma fizikia. Anasema wanapaka tabaka la metali juu ya tabaka la kaboni, jembamba kuliko unywele, kisha wanayapiga kwa ioni, yaani chembe zenye umeme, mpaka yachanganyike. Joto likipanda, yanachanganyika zaidi. Kaboni ni kama mkaa. Mkaa ninao, chuma ninacho, mimi ni mhunzi. Aliendelea kueleza jambo fulani, lakini nilishaanza kumfikiria Shigela, mhunzi mwenzangu. Plau zake hazivunjiki.

Jumanne, 5 Novemba
Baba mkwe, mzee Alfonsi, ameleta jembe la plau yake ninoe. Nimelipaka unga wa mkaa. Ioni sina, nimetumia nyundo. Mkaa wote umeniingia puani. Mke wangu Otilia ameuliza kama baba yake anajua. Nimemjibu kwamba hii ni sayansi.

Jumatano, 6 Novemba
Leo joto. Nimelifukia jembe kwenye mkaa, nikavukuta moto kutwa. Likawa jekundu, halafu jeupe. Nikalitosa majini. Limekuwa gumu, tupa ya kunolea inateleza tu. Ioni zilikuwemo motoni, bila shaka. Shigela kwisha habari.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua ya kwanza. Mzee akafunga ng'ombe. Hatua kumi, jiwe, jembe vipande vitatu. Aliviokota kimoja kimoja. "Clemens," akasema, "nilikuomba unoe." Majirani wakalima. Yeye akakaa pembeni mwa shamba. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, 8 Novemba
Happyness anasema hata hakukuwa na ioni, nimeunguza chuma tu. Tena kuna metali ambazo joto likipita kiasi huitema kaboni, vikatengana upya. Nikauliza kiasi ni kipi. "Inategemea metali, mjomba." Chuma hakikuchanganyika. Nimechanganyikiwa mimi.
Shigela amemfulia mzee jembe jipya jana hiyohiyo. Kanitumia na salamu. Hilo ndilo limeniuma.

Jumapili, 10 Novemba
Kosa nimeliona. Si mimi, ni Ufipa kwetu. Huku juu asubuhi tunavaa makoti, chuma kitashikaje joto? Muze, kule bondeni, watu wanatokwa jasho wakiwa wamekaa. Nimepata nafasi kwenye lori. Mkaa gunia moja, na jembe jipya la mzee, maana lile la zamani halifai tena. Mzee yuko kanisani. Otilia anakuja mbio, anapunga mikono yote miwili. Nimempungia.