Konokono wa Mawe wa Jenista

Jumatatu, 9 Juni 2025
Jumamosi tunamaliza msiba wa mke wangu. Kwa ukoo wao, siku hiyo ndugu wa marehemu huchagua kwanza kati ya vitu vyake. Mume hupewa kilichobaki. Shemeji Shadrack, kaka yake Jenista, kapiga simu tena. Eti, shemeji, wale konokono wa mawe wako salama? Mwizi anayebisha hodi!

Ni amonaiti, konokono wa bahari wa kale sana waliogeuka mawe. Jenista aliwapata kwa madereva wa malori aliokuwa akiwauzia chai hapa Tunduma. Wengine wazima, waling'arishwa tu. Wengine walikatwa katikati kama limau. Mmoja wa rangi ya asali alimpenda kuliko wote. Alimpangusa kwa ncha ya kitenge kabla ya kulala.

Huyo hawampati.

Jumanne, 10 Juni
Kazi ya kutambua. Wa rangi ya asali wako watatu! Jenista alisema wa kweli ni mzito, na shavuni ni baridi. Aliyekatwa huonyesha vijumba vyenye kuta zilizopinda, na nusu zake mbili hutazamana kama uso na kioo. Wa kuigiza ni mwepesi, ana alama ya kalibu alimomiminiwa pembeni.

Nikakaa kibarazani, jiwe kila shavu. Jirani yangu Marta akadhani meno. Akaleta chumvi ya Ivuna, akanisimamia nisukutue. Nikasukutua. 

Mmoja ni plastiki, naye kakatwa nusu mbili. Wa pili kuta zake zimevunjika. Wa tatu, ndiye! Vijumba vya katikati vimejaa fuwele. Jenista aliziita sukari ya Mungu. Nikamshika mpaka akapata joto.

Ijumaa, 13 Juni
Mpango tayari. Wa kweli yumo ndani ya debe la unga. Wa plastiki yumo kwenye kitambaa cha bluu, mahali pa yule wa kweli. Shadrack aende akajivunie plastiki huko kwao Hasamba!

Jumamosi, 14 Juni
Wamekuja. Shadrack hakuchagua kitu. Alikaa mlangoni akilia. Mdogo wao, Teresia, akafungua kitambaa. Akasema dada aliwaagiza akiwa hospitalini: nusu moja ya konokono wa asali ijengewe kaburini kwake, nusu nyingine ibaki kwa mume, asijione mpweke. Kingine hawataki. Ndiyo maana Shadrack alikuwa akiuliza.

Nikafungua mdomo. Shadrack akanikumbatia, akaniita ndugu yangu. Nikaufunga.

Jioni, makaburini, Efraimu fundi akaikandamiza nusu ile kwenye saruji mbichi. Akaigonga kwa mwiko. Akauliza, mzee, mbona jiwe lenyewe jepesi hivi? Nikasema ni la kale mno, limekauka.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Nusu mbili za kweli ziko mezani, zimejaa unga, zinatazamana. Jenista kule ana plastiki.

Ningeweza kumwambia Teresia. Ni mpole, angelia kidogo, kisha angemwita fundi tubadilishe. Lakini aibu! Na nina mpango bora. Nitamwambia Efraimu kaburi limepata ufa, lazima lifumuliwe. Nimekwenda kutazama. Halina ufa wowote, kafanya kazi nzuri, kijana yule.

Kesho nakwenda na tindo.