Vita vya Kichaka na Msokoto Uliokataa Kushika

Sogeeni, enyi mliosuka na mlionyoa, enyi wenye vipara vinavyong'aa na enyi mnaotembea na chanuo mfukoni kama silaha! Tegeni masikio, na simu mzizime, maana habari niliyoibeba si ya wafalme waliogombea nchi; hao wana watu wao wa kuwasifu. Huyu ni Kichaka, kitindamimba wa nyumba ya cherehani, mpiga pasi katika duka la ushonaji la mama yake, shujaa aliyeapa mbele ya kioo cha bafuni kwamba chanuo halitapita tena juu ya utosi wake. Na huyu mwingine ni Mkaidi, msokoto mmoja wa mbele, mfupi kama kidole gumba, aliyemtoa shujaa jasho kuliko adui yeyote mwenye miguu.

Mwanzo wa dredi, wanaojua wanajua, ni msimu wa kudharauliwa. Nywele za Kichaka zilielekea kila upande kama wanakamati waliokosana. Jirani alimuuliza kwa upole kama alipigwa na umeme. Wateja waliofuata suruali zao waliziangalia suruali, wakamwangalia yeye, wakaziangalia suruali tena. Naye akavumilia yote. Aliziosha, akazikausha, akazisokota kuelekea kulia, zote kulia bila kuchanganya. Akalala na kofia aliyoishona kwa siri kwa mabaki ya bitana ya koti la bwana harusi. Na misokoto, mmoja baada ya mwingine, ikashika, ikakaza, ikaning'inia kwa adabu.

Isipokuwa Mkaidi. Huyo makao yake yalikuwa juu ya paji la uso, na kila shujaa alipoinamia pasi, mvuke ulimpanda, naye akafumuka, akafura, akasimama wima kama mtu aliyesikia anaitwa.

Sasa, juu ya nyumba ile alitawala Mama, Malkia wa Pindo, mwenye mkasi ukatao jinzi bila kuguna. Naye alitoa amri mezani, kijiko mkononi:

"Sikiliza, we mtoto. Mimi nashona nguo za watu, sifugi msitu. Ijumaa nikitoka kazini nazikagua. Ukinifumukia hata mmoja mkononi, nakata zote, na usinililie."

Kichaka akainuka kwa ghadhabu tukufu, hata kiti kikaanguka. "Na iwe hivyo, ewe mzazi wangu! Ijumaa na ije na mkasi wake, itanikuta nimesimama!"

"Okota kiti. Kaa ule."

Akaokota, akakaa, akala.

Ijumaa ikapambazuka. Shujaa akapiga mahesabu ya kivita: akienda kazini, mvuke utamfumua Mkaidi kabla ya adhuhuri, na himaya yote itaanguka kwa sababu ya askari mmoja. Akabaki nyumbani. Akamwendea dada yake mkubwa, Jemadari wa Vibanio, akaketi sakafuni mbele ya magoti yake; mshubiri wa kushikisha nywele ukakamuliwa, vidole vikashuka vitani. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mama, na nyuma yake cherehani zilikuwa zinanguruma.

"Uko wapi wewe? Nguo zimejaa hapa hazijapigwa pasi!"

"Mama, leo siji. Nasokotwa."

"Unafanywaje?"

"Nasokotwa, mama! Toka asubuhi! Nasokotwa mpaka machozi yananitoka!"

Wasikilizaji wangu, hakusema uongo hata nukta. Dada yake alikuwa anavuta kwelikweli. Lakini mama husikia kwa sikio la mama, na mtoto anayelia kwamba anasokotwa, kitu cha kwanza kumjia ni tumbo. Kichaka alisikia pumzi ya Mama ikibadilika, akaelewa palipokosewa. Je, alisahihisha? Thubutu! Alikohoa kidogo, mjanja yule.

"Kikohozi cha nini?" dada akanong'ona. "Si umesema tumbo?"

"Sijasema tumbo."

Kule dukani cherehani zikanyamaza. "Nakuja," akasema Mama, simu ikakatika.

Nakuja! Majeshi mangapi yamevunjika kwa neno dogo namna hiyo? Shujaa akaruka kwenye kochi, taulo kichwani, blanketi hadi kidevuni, na dada akauficha mshubiri chini ya mto akaukalia. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama alisimama kizingitini, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, chupa ya maji ya moto kwapani, na mkasi mkononi, maana alitoka mbio akasahau kuuweka chini.

"Mwanangu! Linasokota upande gani?"

"Juu, mama."

"Juu ya kitovu?"

"Juu zaidi."

"Kifuani?"

"Wewe panda tu, mama."

Mama akapanda. Alipofika kwenye taulo, akaliondoa, na vibanio vikameta kama mikuki ya jeshi lililoshtukizwa. Dada akacheka hadi akateleza kutoka juu ya mshubiri.

"Ala!" Mama akapaza sauti. "Nimefunga duka! Nimemwacha mteja nusu suruali! Nimekimbia kiatu mguu huu, ndala mguu huu, nikijua mtoto ananifia. Kumbe unasukwa!"

"Nasokotwa, mama. Nilisema wazi."

"Nyamaza. Kaa hapa. Ukaguzi ni sasa hivi."

"Lakini hazijakauka!"

"Wala mimi jasho halijakauka. Kaa."

Vibanio vikaondolewa. Mama akashika msokoto wa kwanza, akauvuta; ukashika. Akashika wa pili, wa kisogoni, wa nyuma ya sikio, nayo yote ikasimama imara kama walinzi wa lango, na shujaa akaanza kuvimba kifua. Kisha mkono ule ukafika mbele. Mama akavuta taratibu, bila uonevu. Mkaidi akafumuka, akafura, akasimama.

Mkasi ukafunguka.

Hotuba aliyoiandaa Kichaka kwa saa hiyo ilikuwa ndefu, yenye ngurumo. Ikamtoroka yote. Kilichotoka kilikuwa sauti ndogo:

"Mama, gitaa niliacha. Mazoezi ya ngumi niliacha. Kila kitu naanza naacha, si unajua? Hizi sijaziacha."

Mama alikuwa bado ameishika ile ncha iliyofumuka, anaitazama kwa jicho moja kama atazamavyo mshono wa fundi mwingine. Uso wake ukakunjamana.

"Nani kamaliza kazi hivi?" akauliza.

Dada akaacha kucheka. "Mimi, mama."

"Ndiyo umeacha ncha wazi? Bila pindo? Kitu kimefumuka kinapepea, na wewe umekaa!" Akauweka mkasi juu ya kochi bila kuutazama. "Hebu niletee ile sindano ya kufumia, yenye ndoano. Haraka, kabla sijapandwa na presha."

Sindano ikaja. Naye Malkia wa Pindo akamkamata Mkaidi kwenye shina, akaingiza ndoano, akavuta unywele ndani, akatoa, akaingiza. Vidole vilivyofunga pindo za maharusi na za majaji vikamfuma muasi yule kutoka ngozi hadi ncha. Alipomaliza akamvuta. Mkaidi akatulia. Akamvuta tena, kwa nguvu, shingo ya shujaa ikafuata, Mkaidi akatulia.

Kichaka akathubutu kufumbua jicho moja. "Kwa hiyo umezikubali, mama?"

"Sijakubali nywele. Nimekataa kazi mbaya." Akachukua mkasi wake, akaikaza ndala yake mguuni. Mlangoni akageuka. "Kesho kazini, na utafunga kitambaa kichwani, ule mvuke usiniharibie. Na huyo wa nyuma ya sikio la kushoto sijamridhia. Ukija, njoo naye mapema."

Hivyo ndivyo alivyoanguka Mkaidi, siku ya Ijumaa, kwa ndoano, kwenye kochi la sebule. Semeni kwa vinyozi na kwenye saluni, watajeni wote watatu, shujaa, muasi na Malkia, kwa heshima. Anayebisha aende duka la ushonaji akamvute mwenyewe, ila aombe ruhusa kwa mwenye mkasi kwanza.