Mitungi Yote Ilinipigia Kura

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa! Bomba jipya la maji linakuja barabarani kwetu, hapa Dandora. Injinia Kavinya wa mradi alikuja asubuhi na kofia yake nyeupe, akatueleza masharti. Kwanza, Jumamosi tuchague mwenyekiti wa bomba, kura ya mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Pili, vibanda vyote virudi nyuma ili mtaro upite umenyooka. Akija Jumatatu ijayo akute vibanda bado viko njiani, mabomba yatapelekwa mtaa mwingine. Sisi tutangoja awamu ya baadaye, na Mungu ndiye ajuaye lini.

Wengine waliwaza maji. Mimi niliwaza uenyekiti. Nani mwingine? Nimekulia hapa. Nina sauti. Nina suti.

Phelister, mke wangu, alisema yeye haja yake ni mfereji tu, maana mgongo umechoka kubeba mitungi. Nikamwambia mfereji bila uongozi ni chuma tupu. Akaniuliza kama leo nitakwenda kuchota maji au chuma.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata kofia ya injinia na jaketi la kung'aa sokoni Gikomba. Kofia ni ndogo kidogo, inanikaa kama kifuniko cha birika. Nimekula chakula cha mchana nikiwa nayo ili kichwa kizoee. Binti yangu Lorine ameniomba nisiende nayo shuleni kwao. Wivu!

Habari mbaya: Mama Ifrah anagombea pia. Fadumo! Mwenye duka la jumla la mitungi! Nimetembea mtaa mzima nikiuliza, muuza mitungi atatakaje maji yaje? Si ni fisi kupewa bucha alinde? Odero kinyozi, meneja wa kampeni yangu, alifurahi mno. "Hapo umeweza, boss," akasema.

Jioni Fadumo alijibu. Hakutukana. Aliwaita watu nyuma ya duka, akawaonyesha mifereji mipya, sinki na matangi, bado yamefungwa. Akasema mitungi ni biashara ya jana, yeye anajiandaa kwa kesho. Watu wakapiga makofi. Kesho! Neno hilo lilikuwa kwenye hotuba yangu!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimetoa hotuba yangu mbele ya vibanda: Uongozi na Mustakabali wa Mabomba. Nilisema siku moja maji, umeme, gesi na intaneti vitapita chini ya miguu yetu, nasi juu yake tutatembea bila kuruka madimbwi. Wajukuu wetu watauliza mtungi ulikuwa mnyama gani. Nilianza kwa kutafuta kura, lakini nilipofika hapo nilizisahau kura. Niliamini kila neno. Nataka sana kuiona siku hiyo.

Kisha nikawaamuru wenye vibanda wasogee. Hakuna aliyesogea. Kweyu, fundi wa viatu, alisema ahadi za bomba alianza kuzisikia akishona viatu vya watoto ambao leo wanamletea viatu vya watoto wao. Hatoki hata shubiri moja mpaka aone maji. Mwenye mandazi alisema ninamzibia wateja.

Fadumo naye alipita kibanda kwa kibanda akibembeleza. Akakataliwa vilevile. Ila yeye alipewa mandazi. Kwa nini mimi sikupewa mandazi?

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepata! Akili yangu wakati mwingine inanitisha.

Kura ni foleni. Maji ni foleni. Basi foleni iwe moja! Nimetangaza kwamba kesho lori la maji ya bure linakuja, na foleni inaanzia nyuma ya mgombea Griffins Wamalwa. Atakayepanga foleni ya maji atakuwa amenipigia kura, apende asipende. Odero ameongea na dereva wa lori. Phelister ameuliza kama dereva amekubali. Maswali ya wasio na maono!

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeibiwa ushindi!

Asubuhi nilisimama mwanzo wa barabara, kofia kichwani. Mitungi ikaanza kufika. Ya njano, ya bluu, ya mafuta ya kupikia. Foleni ikanyooka kuelekea kwenye vibanda. Nilikuwa nimefumba macho nikiandaa hotuba ya shukrani.

Nilipofumbua, mitungi ilikuwepo. Watu hawakuwepo. Kila mmoja alikuwa ameweka mtungi wake, kama tunavyofanya siku zote, akaenda zake kungoja lori. Walikwenda wapi? Kwenye kivuli cha turubai la Fadumo! Wamesimama nyuma yake, wanakunywa chai ya tangawizi!

Karani wa uchaguzi akaanza kuhesabu. Nyuma ya Fadumo, mtaa. Nyuma yangu, Odero. Nilipinga kwa sauti kuu. Nilimwambia kwamba hapa Dandora mtungi ni mtu. Ukiuruka kwenye foleni umemruka mwenyewe, na utapigwa. Kama mtungi unanishikia nafasi, kwa nini usinipigie kura? Niliwaona watu wakifikiri! Ndipo Fadumo akasema, kwa upole unaoudhi, "Baba Lorine, walahi, huo mtungi wako wa mbele uulize jina lake."

Walicheka mpaka Kweyu akaangusha nyundo. Na katikati ya hicho kicheko nikamwona Phelister. Mtungi wetu uko kwenye foleni yangu. Mwenyewe yuko kwenye ya Fadumo, kikombe mkononi.

Lori halikuja. Limekwenda kwenye harusi Kayole.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekata rufaa. Mitungi ni ushahidi, na nimekaa kwenye kiti kando yake tangu asubuhi ili mtu asiiguse. Si kwamba kuna anayetaka kuigusa. Odero amesema lori huenda likaja leo, na hapa kwetu hakuna anayetoa mtungi kwenye foleni maji hayajafika.

Nimemuuliza Phelister kwa nini. Amesema anamtaka mwenyekiti atakayeleta maji, na mume ambaye hajavaa kofia mezani. Imeniuma. Sikula vizuri. Nimekula bila kofia.

Jumatatu, 15 Septemba

Injinia Kavinya alifika na gari la mabomba. Hakuna aliyekuwa amekubali kusogeza kibanda, na tulijua maana yake.

Alishuka, akatazama barabara, akauliza nani amefanya kazi hii. Kazi gani? Tukageuka kutazama. Mitungi imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa barabara, na vibanda vyote viko nyuma yake! Kweyu, mwenye mandazi, wote. Jumamosi foleni ilipowafikia, kila mmoja alivuta kibanda chake nyuma bila kuambiwa, kwa sababu kwetu foleni ya mitungi haizibwi. Bomba walilikatalia. Mitungi waliiheshimu.

Kavinya akasema mtaro utachimbwa papo hapo, leo hii, mitungi ikiondolewa.

Macho yote kwangu. Ushahidi wangu! Uenyekiti wangu! Nikamwona Phelister ameshika kiuno, kama anavyofanya akishatua mtungi. Nikaona aibu. Nikainuka, nikauchukua mtungi wetu wa mbele na kuutoa mwenyewe. Wengine wakafuata. Fadumo aliwaambia watu wanipigie makofi, na wakapiga kweli. Kisha akanipa cheo: Msimamizi wa Foleni, mpaka maji yafike. Msimamizi!

Alhamisi, 9 Oktoba

Maji! Phelister alifungua mfereji wetu, akaweka mikono chini yake, akacheka kama siku nilipomposa. Lorine alijimwagia kikombe kizima kichwani bila kugombezwa. Mimi nililia. Niliwaambia ni sabuni. Hata Kweyu ameosha viatu ambavyo havikuwa vichafu. Sijawahi kuupenda mtaa huu kama leo.

Dosari moja tu. Maji yamefika, foleni imekwisha, na cheo changu kimekwenda nayo.

Lakini Injinia Kavinya ametaja kwamba mwezi ujao inakuja transfoma mpya ya umeme. Itahitaji mwenyekiti! Kura ya mlolongo! Nimeshajua nilipokosea mara ile. Mtungi ukiulizwa jina haujibu. Basi nimetangaza kuchaji simu bure siku ya uchaguzi. Kila mpiga kura alete simu yake, aiache kwenye foleni nyuma yangu, kisha aende zake akapumzike.

Simu ikiitwa, inaitika. Safari hii Fadumo atasema nini?