Nyota ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Siku kuu ya maisha yangu! Kila mtu ofisini anajua kwamba nyota za katikati ya galaksi yetu zimejaa chuma, na kadiri unavyokwenda pembezoni chuma kinapungua. Katikati, vizazi vya nyota vimekufa na kuwaachia wajukuu urithi. Pembezoni ni ukata mtupu. Basi mimi nimempata tajiri wa pembezoni! Nyota moja, mbali kabisa, ina chuma kama Jua letu. Miwani, jirani yangu wa meza, sijamwambia. Yule hupima mara tatu kabla ya kupiga chafya. Mkutano mkuu wa wapima nyota unataka mtu mmoja tu kutoka ofisini kwetu, na mtu huyo ndiye anayeandika haya.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwonyesha Mkuu kabla Miwani hajavua koti. Akauliza kama nimeondoa kwenye vipimo mbalamwezi iliyochanganyika na mwanga wa nyota. Nikajibu kwa utulivu wa kitaalamu kwamba kila kitu kimeshughulikiwa. (Kuiondoa ni kazi ya siku nzima. Ngoja ngoja huumiza matumbo.) Nikampigia mama mkwe, ambaye tangu harusi ananiita mhesabu vimulimuli. Nikamwambia nyota itaitwa kwa jina lake. Akauliza nitaitangaza lini, na avae nini! Mke wangu akanionya nisikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Wivu tu wa binti kwa mama yake.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao cha kuitangaza nyota yangu. Mama mkwe kiti cha mbele, nguo mpya. Nilinguruma. Kisha Miwani akanyoosha mkono. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba nyota yangu imefanana na Jua si kwa chuma tu, bali kwa kalsiamu, sodiamu, kila kitu. Akauliza mwezi ulikuwaje usiku ule. Mkuu akajibu: mpevu, na mawingu mepesi. Na mbalamwezi ni mwanga wa Jua uliogonga mwezi ukarudi. Nilikuwa nimelipima Jua.

Mama mkwe akawageukia watu, kisha akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo, baba, umegundua mwezi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Ijumaa, 8 Machi
Mkutanoni anakwenda Miwani. Mimi nimepewa kuondoa mbalamwezi kwenye vipimo vyote vya mwaka. Adhabu? Thubutu! Kazi nyeti hapewi mtu asiyeaminika. Na tuseme kweli: nani mwingine ofisini amelipima Jua kwa usahihi ule, tena bila kukusudia? Mama mkwe amepiga simu kuuliza kama mwezi wake haujambo. Ndiyo namna yake ya kujivunia mkwe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefungua faili la kwanza tu. Nyota ya pembezoni, chuma kama Jua! Mbalamwezi sijaiondoa bado, mambo ni mengi. Mkuu nimeshamwandikia. Hii itaitwa kwa jina langu.