Malalamiko ya Kinyozi Kuhusu Ukurasa Unaomjua Mno

Ndugu Mhariri wa Tovuti,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni kinyozi, msomaji wenu wa miaka sita. Nina hasira, lakini nitaandika kwa adabu kama mama alivyonilea.

Kibandani kwangu hakuna magazeti. Simu yangu nimeifunga kwa kamba kando ya kioo, imefunguliwa kwenye tovuti yenu, ili anayesubiri zamu ajisomee habari. Wateja wakipungua, naisoma mimi. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

1. Mwezi uliopita niliwauliza mara moja tu, kwa siri, kwenye kisanduku chenu cha kutafuta, kama nywele zilizohama hurudi. Tangu siku hiyo ukurasa wa kwanza ni upara juu, upara chini. Mjue kwamba nauza mafuta ya kukuza nywele, na kofia sivui. Fundi viatu alisoma, akaitazama kofia yangu, akairudisha chupa rafuni.

2. Mwalimu, mteja wangu wa kila Jumamosi, hufungua tovuti hii hii kwenye simu yake, akiwa amekaa kwenye kiti changu, akaletewa uchumi wa dunia. Mimi naletewa "Dalili Saba za Mwanamume Mkaidi". Zote saba ninazo, lakini nani aliwauliza?

3. Sasa kubwa lao. Mke wangu hayupo nyumbani, wiki ya tatu hii. Nilikuwa nampunguza nywele huku nasikiliza mpira redioni. Goli likaingia, mashine ikapanda hadi utosini. Badala ya kusema samahani, nikasema kichwa chake ndicho chenye kona. Akaenda kwa dada yake. Wateja nimewaambia anamuuguza shangazi. Ninyi mkaandika kwa herufi kubwa, mbele ya benchi zima: "Mke Ameondoka? Anzia Hapa." Walisoma kwa zamu. Fundi viatu akaniuliza kwa upole shangazi anaendeleaje, na wenzake wakacheka hadi benchi likayumba.

4. Hata ninakopita mnakujua. Jumapili, simu ikiwa mfukoni, nilizunguka mtaa wa huyo dada yake, shemeji yangu, mara tatu, nisithubutu kubisha hodi. Mara ya tatu mkaniletea tangazo la duka la zawadi lililo hatua hamsini kutoka mlangoni pake. Ndugu Mhariri, hizo si habari, huo ni umbea.

Kwa hiyo naomba mnisahau kabisa. Ikishindikana, nitengenezeeni ukurasa wa yule mtu ninayewaambia wateja kuwa ndiye mimi: ana nywele, ana amani nyumbani, anafuatilia siasa za nje. Huyu mwingine mliyemfahamu mfungieni stoo. Hata mimi sina hamu naye. Anakula amesimama, anaongea na redio, na amemkumbuka mkewe hadi anatia aibu.

Nisalimieni waandishi, wapiga picha, wanaofagia ofisi, na huo mtambo wenu usiojua kunyamaza.

Ni mimi, kwa heshima na kofia kichwani,
Kinyozi

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii nimepata ujumbe wa shemeji. Anasema tangu mke wangu aanze kuazima simu yake, tovuti yenu imeacha kumwonyesha bei za viatu. Sasa inamletea "Namna ya Kurudi Nyumbani Bila Kuonekana Umeshindwa", na ananiuliza kama nina habari yoyote. Ndugu Mhariri, futeni yote niliyoyaandika hapo juu. Msisahau hata kitu kimoja. Na kama mna njia, yapelekeni yangu yote kwenye simu ile kabla sijafika, maana mimi neno samahani hunikwama kooni. Kibanda nimeshafunga, niko njiani.