Ruhusa ya Kupanda Ngazi

Jumatatu, 3 Juni

Mzee bado analala kwenye kochi la sebuleni. Tangu atoke hospitali na huo moyo wake hajagusa kitanda chetu. Anasema hataki niamke na maiti ubavuni. Maneno gani hayo! Kitanda kipana kama uwanja, mimi na mto. Namhurumia, ila nikimwacha atazoea. Mwanamume akishazoea kochi, basi tena.

Mpango: kesho kliniki, namuuliza nesi. Waziwazi. Shule niliishia darasa la nne, lakini mdomo ninao.

Jumanne, 4 Juni

Mdomo sina.

Nesi Manukato (harufu inatangulia, mwenyewe anafuata) alikuwa anampima Mzee presha. Nikamuuliza, sista, zile kazi za nyumbani aendelee nazo? Akasema asibebe ndoo, asipasue kuni. Nikamwambia siyo hizo, za chumbani. Akafikiri. Akasema kutandika kitanda ruhusa, ila asiinue godoro.

Godoro! Kasoma chuo kizima, kaambulia godoro!

Nikamkonyeza. Akaniuliza kama jicho linaniwasha.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi kliniki peke yangu. Nimedai jicho linawasha, ili Nesi Manukato aniingize ndani, afunge mlango. Akanitilia matone. Ndipo nikasema shida yangu ni yale ya mume na mke. Uso wake! Utadhani nimemtapikia viatuni. Kitoto sawa na kitindamimba wangu kikaniuliza, mama, kwa umri huo, bado tu?

Bado tu! Kwani yeye aliletwa duniani na posta? Anakamua majipu ya watu huku anatafuna karanga, lakini hili ndilo linamtia kinyaa.

Nikagoma kutoka. Akanong'ona akitazama sakafu: akiweza kupanda ngazi bila kuhema, ruhusa. Ruhusa ya nini, sista? Ruhusa hiyo, akasema, akakimbia na kitoroli chake cha dawa.

Jicho sasa linawasha kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeazima ngazi kwa fundi rangi. Ndefu, inafika paani. Mzee nimemwambia bati linavuja, apande achungulie. Akauliza kama nataka kumuua. Nikamwambia, baba watoto, nataka kinyume chake.

Akapanda! Mimi chini nimeshika ngazi, roho mkononi. Kufika juu, hahemi! Nikashindwa kujizuia, nikapiga kelele: ruhusa! Ruhusa! Akashtuka, akauliza ruhusa ya nini tena. Kelele zikamtoa Mama Redio, jirani yangu, mtangazaji wa mtaa mzima. Akataka kujua mgonjwa wa moyo anatafuta nini juu ya bati. Nikasema linavuja. Akasema mvua haijanyesha tangu mwaka uanze. Mbea yule, hata mvua anaifuatilia!

Mzee akashuka kwa hasira. Kipandio cha mwisho akakikosa.

Ijumaa, 7 Juni

Kliniki. Kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Nesi Manukato akauliza nani kampandisha ngazi. Nikasema ni wewe. Akang'aka kwamba alimaanisha ngazi za kwenda ghorofani, zile pale, za saruji! Nikamwambia si ungesema. Akasema nami si ningeuliza sawasawa. Haya, mama, uliza sasa.

Foleni nzima ikageuka. Hata watoto wachanga. Nikafungua mdomo. Nikauliza habari za godoro.

Mzee, kwenye machela, akasema kwa sauti ya mnadani: anauliza kama naruhusiwa kulala na mke wangu. Na mimi nauliza pia, maana naogopa kufa.

Maskini mume wangu. Kumbe hofu ilikuwa kubwa hivyo.

Nesi akachezea kalamu. Akasema ndiyo, mzee, meza vidonge vyako, kifua kikibana pumzika, hutakufa. Ndiyo! Neno dogo hivyo, alilikalia mdomoni wiki nzima kama kuku na yai!

Jumamosi, 8 Juni

Mzee amerudi kitandani, mwenye furaha. Ila mguu lazima uinuliwe kwa mito, na usiguswe. Mito imejaa upande wangu wote.

Kochi lina springi inayochoma mbavuni.

Jumapili, 9 Juni

Binti yangu amekuja na mjukuu. Akanifuata jikoni, akanong'ona. Mama, zile nyuzi za uzazi zimeshapona, mume wangu anauliza, na mimi naogopa, sasa lini...

Nikasugua sufuria. Ilikuwa safi, nikaisugua tena. Masikio yananiwaka. Mwisho nikamwambia bila kumficha kitu: mwanangu, siku ukiweza kuruka mtaro bila kusikia maumivu, ruhusa.

Waziwazi namna hiyo! Wale manesi wangekuja kusoma kwangu.

Namwona dirishani. Amesimama kando ya mtaro, kamkabidhi Mama Redio mtoto, anakunja sketi. Binti mwelewa. Kanirithi mimi.