Nilivyotangaza Dawa ya Panya Ndani ya Filamu ya Mwende

Leo nimeumbuka. Nimetangaza dawa ya panya mbele ya watu wanalia. Hakuna mtu alinituma. Mdomo ulijifungua wenyewe.

Wacha nianzie mwanzo, na mcheke pole pole.

Kazi yangu mnaijua. (Shule niliachia form two, sauti ndio ilimaliza.) Natembea soko za Makueni na spika kifuani, nauza dawa ya panya. Nikiuliza, "Panya ya dari?" wamama wa nyanya wananijibu, "Inakufa!" Wakiuliza wao, najibu mimi. Tumezoeana hivyo, hata salamu hatuhitaji.

Sasa Mwende, rafiki yangu tangu praimari, ametengeneza filamu. Ya kuogofya, lakini si ile ya majini na damu. Ni ile inakuingia kwa akili. Kuna mama anaitwa Nduku. Bwana yake amefunikwa na mchanga akichimba kisima kwa mto mkavu. Wanamzika. Halafu Nduku anaanza kumsikia ndani ya tangi, ile nyeusi ya maji kando ya jikoni. Anaweka sikio kwa tangi. Anaongea nayo. Jioni anaipelekea sahani ya chakula. Watoto wanaogopa, wanahamia kwa nyanya yao.

Na msifikiri Mwende alitunga. Huyo mzee ni baba yake. Nduku ni mama yake. Tangu mazishi huyo mama hajawahi taja bwana yake hata jina. Mwende aliniambia anataka kitu moja tu: mama aone filamu, halafu aseme kitu. Chochote.

Mwisho ya Mwende ilikuwa hivi: Nduku anafungua tangi, anachungulia, ni maji tu. Imeisha.

Mimi ndio niliharibu. Nilimwambia filamu haiwezi isha na maji, watu watasema wamedanganywa. Mzee lazima aongee. Na hapa mjini Wote nani ako na sauti? (Nilijipendekeza kama paka kwa bucha.) Akakataa. Nikamsumbua. Akachoka, akanirekodi.

Basi leo mchana tukajaa hall ya kanisa, blanketi kwa madirisha ndio giza iingie. Mama Mwende mbele kabisa na leso yake. Mimi katikati, shati ya harusi, nikingoja kusifiwa.

Jameni, hiyo filamu ni moto. Hakuna mtu alikohoa. Ile upepo ya ndani ya tangi Mwende aliitoa kwa kupuliza jerikeni, na mimi nilikuwepo, nilimwona akipuliza. Lakini leo ilinipuliza shingo. Dada kando yangu machozi yalikuwa yanaingia mdomoni. Mimi mwenyewe, mwenye kuwa ndani ya tangi, niliogopa tangi!

Nduku akapanda ngazi. Akafungua kifuniko. Giza. Halafu sauti yangu:

"Nduuuku! Niko haaapa ndani!"

Vile huwa navuta "Panyaaa" sokoni, ndivyo nilivuta.

Nikasikia mama fulani huko nyuma akiuliza jirani yake, bila ubaya wowote, "Huyo si wa dawa ya panya?" Mtu akakohoa kicheko. Mtu mwingine naye akaita, "Panya ya dari?"

Na mimi nikasimama. "INAKUFA!"

Hall ikaanguka kicheko. Pasta mwenyewe alishika tumbo akainama. Kwa skrini Nduku bado amekumbatia tangi analia, na vile analia ndivyo watu wanazidi kucheka. Nikatafuta Mwende na macho. Alikuwa kando ya projekta, ameangalia chini kama mtu amepoteza shilingi. Mama yake hakucheka. Alichukua kiondo chake, akatoka.

Sijawahi taka kuwa ndani ya tangi kweli kama hiyo dakika.

Nikaenda kujificha nyuma ya choo ya kanisa mpaka watu wakaisha. Mwende akanipata huko. Nikaanza kuomba msamaha, akaniinulia mkono ninyamaze. Macho ilikuwa nyekundu.

"Mama anasema baba hakuwa anaita hivyo," akaniambia. "Alikuwa anaita polepole, kama mtu hataki kuamsha watoto. Amesema hivyo, halafu amelia mpaka leso ikalowa."

Nikanong'ona tu, "Pole." (Mimi, wa spika!)

Akapangusa uso. "Halafu anauliza kama umebeba ile dawa. Panya zinamaliza ndengu kwa stoo. Nenda umpelekee. Lakini kwa filamu yangu nimekutoa. Tangi inabaki na maji."